Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Pili wa Pikipiki na Gari

Barua zinazohusu funguo za akiba zimekuwa zikitufikia mfululizo kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, na nyingi zimeandikwa na watu waliokwisha kupata hasara. Toleo hili tumelitenga kwa ajili yao. Majina ya wasomaji tumeyaacha kwa ombi lao, na majina ya maduka waliyoyalalamikia hatukuyachapisha.

Swali kutoka Mafiati, Mbeya: Shikamoo mwandishi. Mimi ni kijana ninayeanza kazi ya bodaboda. Nimenunua pikipiki mpya dukani kwa fedha taslimu, nikapewa risiti, karatasi za usajili na ufunguo mmoja tu. Nilipouliza ule wa pili, muuzaji aliniambia kwamba pikipiki za siku hizi huja na ufunguo mmoja, na kwamba nikitaka mwingine nikachongeshe Mwanjelwa. Wenzangu kijiweni wote wana funguo mbili. Je, nimedhulumiwa au ndivyo mambo yalivyo?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Ulichoambiwa si kweli. Pikipiki mpya za aina zinazotumika sana kwa bodaboda katika mikoa yetu, Boxer na TVS zikiwemo, hutoka kiwandani na funguo mbili zinazofanana, na kitabu cha maelekezo kinachoandamana na chombo kwa kawaida huzitaja zote mbili. Kabla ya kugombana na mtu, kisome kitabu hicho kwa makini, kwa sababu neno la mtengenezaji lenyewe ndilo ushahidi wako wa kwanza.

Huenda ufunguo wako haukuibwa bali umepotelea mikononi mwa watu. Pikipiki nyingi huingia nchini zikiwa ndani ya makasha, baadhi ya sehemu zikiwa zimefunguliwa, kisha mafundi wa muuzaji huziunganisha hapa hapa. Fundi huchukua ufunguo mmoja ili ajaribu injini na taa, na wa pili hubaki ndani ya mfuko wa vifaa pamoja na spana, vioo vya pembeni na kitabu. Pikipiki kumi zikiunganishwa siku moja kwenye ua mmoja, si ajabu ufunguo ukaingia kwenye mfuko usio wake. Kwa hiyo rudi dukani kwa utulivu, uombe mfuko wa vifaa wa pikipiki yako utafutwe, na uombe pia kila ufunguo uliobaki bila mwenyewe ujaribiwe kwenye swichi yako mbele ya macho yako.

Usipopatikana, hapo ndipo nakuomba usikubali suluhisho jepesi la kuchongewa nakala. Nakala itakupa funguo mbili mkononi, lakini haitaufuta ule wa kiwandani ambao hujui uko wapi. Ufunguo wa pikipiki ya kawaida ya bodaboda ni chuma kitupu kisicho na chipu ya kielektroniki ndani yake. Unawasha injini, unafungua loki ya usukani, unafungua kifuniko cha tangi, na katika aina nyingi unafungua pia kifuniko cha ubavuni au kiti. Mtu aliye nao hana haja ya kuvunja chochote. Atakuja pale ulipoegesha, atakaa, atawasha na kuondoka kama mwenye mali, na hata walinzi wa jirani hawatashtuka kwa sababu hakuna kelele wala haraka katika mwendo wake.

Suluhisho la haki ni muuzaji kukubadilishia seti nzima ya kufuli, yaani swichi, kifuniko cha tangi na kufuli ndogo ya ubavuni, vitu ambavyo huuzwa pamoja vikiwa na funguo zake mbili mpya. Gharama hiyo ni ya muuzaji, kwa kuwa alipokea funguo mbili kutoka kwa aliyemletea na akakukabidhi mmoja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo fulani ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukikataliwa kabisa, andika barua ya malalamiko, ambatisha nakala ya risiti ya mashine ya kodi (EFD) na nakala ya ukurasa wa kitabu unaotaja funguo, halafu uipeleke Tume ya Ushindani, ambayo wengi wanaifahamu kama FCC. Kwa uzoefu wangu wa kupokea barua zenu, mara nyingi muuzaji hulegea pale anapoona malalamiko yameandikwa, kwa sababu maneno ya mdomo huyasahau mlango ukifungwa.

Wasomaji wengine mnaotarajia kununua, fanyeni jambo hili kabla ya kulipa. Ombeni hati ya makabidhiano iandikwe kwamba chombo kimetolewa na funguo mbili, zote zikiwa zimejaribiwa kwenye swichi na kwenye tangi. Angalieni pia kama funguo zimefungwa pamoja na kibati kidogo cha chuma chenye namba, au kama namba imegongwa kwenye ufunguo wenyewe. Namba hiyo si pambo. Ndiyo inayomwezesha fundi mwenye mashine nzuri kuchonga ufunguo kwa vipimo vya kiwandani hata kama funguo zote zimepotea. Inakilini mahali salama, kisha kibati mkitoe kwenye mkufu wa funguo mkakihifadhi nyumbani, kwa maana kibati kinachopotea pamoja na ufunguo kinamfaa aliyeuokota kuliko kinavyokufaa wewe.

Swali kutoka Mafinga, wilaya ya Mufindi: Mwandishi, salaam. Naendesha pikipiki ya mkataba. Bosi wangu alipoinunua alinipa ufunguo mmoja, yeye akabaki na kadi ya usajili na ufunguo wa pili. Nampelekea hesabu, yaani malipo tuliyokubaliana, bila kukosa na mkataba unasema nikimaliza pikipiki ni yangu. Mwezi uliopita jirani yangu, naye wa mkataba, aliamka asubuhi akakuta pikipiki haipo, akaambiwa ameiba, kumbe tajiri wake alikuja kuichukua usiku kwa ufunguo wa akiba kwa sababu ya hesabu ya siku chache. Je, ni halali bosi kubaki na ufunguo?

Jibu: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma na kuirudia, kwa sababu inagusa riziki ya vijana wengi mno kati ya Iringa na Tunduma.

Kubaki na ufunguo hakuna ubaya kwa kanuni yake. Mpaka siku mkataba utakapokamilika, mmiliki anayetambuliwa kwenye kadi ni bosi wako, na mwenye mali ana haki ya kuwa na njia ya kuifikia mali yake. Wewe mwenyewe pia unanufaika, kwani ukiupoteza wa kwako ukiwa Sao Hill au Nyololo, kuna mahali pa kukimbilia. Ubaya uko kwenye ukimya wa mikataba yetu. Wengi huandikiana kiasi cha hesabu, muda wa mkataba na nani atalipia matengenezo, lakini hawaandiki neno lolote kuhusu ufunguo wa pili, na ukimya huo ndio uliomwezesha tajiri wa jirani yako kuchukua chombo usiku na asubuhi kumwita mwenzake mwizi.

Nenda kwa bosi wako siku ambayo hesabu imekamilika na hakuna ugomvi kati yenu, umweleze kwa heshima kwamba mngependa kuongeza kipengele. Kipengele hicho kiseme wazi ufunguo wa akiba uko kwa nani, kwamba hautatumika kuchukua pikipiki bila wewe kuarifiwa kwanza kwa simu au mbele ya shahidi, kwamba mmiliki akichukua chombo kwa sababu ya deni ataandika siku, saa na kilomita zilizosomeka, na kwamba mkataba ukiisha utakabidhiwa ufunguo huo siku ile ile unapokabidhiwa kadi na hati ya mauziano kwa ajili ya kubadilisha umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA). Msainiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili. Zipo pia sehemu ambapo ufunguo hutiwa ndani ya bahasha, pande zote mbili zikasaini juu ya gundi, na bahasha ikatunzwa na kiongozi wa kijiwe au mtu mwingine anayeaminiwa na wote. Mimi naupenda utaratibu huu kuliko mwingine wowote, kwa kuwa bahasha iliyofunguliwa inaonekana, na hapo hakuna anayeweza kumsingizia mwenzake.

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi hulifanya na linawaponza. Usichonge ufunguo wa tatu kwa siri. Nafahamu kishawishi kilivyo, hasa kama bosi anakaa Iringa mjini na wewe uko Mafinga, lakini pikipiki ikiibwa kweli na polisi wakagundua kwamba ulichongesha ufunguo bila idhini, maelezo yako yote yatatiliwa shaka hata kama huna hatia. Mwombe ruhusa kwa ujumbe wa maandishi wa simu, uutunze ujumbe huo, kisha uchongeshe.

Kuhusu jirani yako, ashauriwe asikae kimya. Kama ameandikishwa kwamba ameiba na hali mmiliki ndiye aliyechukua chombo, aende kituoni na mkataba wake, risiti za hesabu au kumbukumbu za miamala ya simu, na aombe maelezo yake yaandikwe. Mgogoro wa deni ni wa madai, na haupaswi kugeuzwa kuwa kesi ya wizi.

Swali kutoka Kihesa, Iringa: Mheshimiwa, mimi ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo changu nilikitumia kuagiza gari dogo lililotumika kutoka Japani, na limefika na ufunguo mmoja wenye rimoti. Fundi wa mtaani alinichongea nakala kwa bei nafuu. Inafungua mlango na inazunguka kwenye swichi, lakini injini haiwaki. Fundi mwingine ametaja bei ambayo kwa mshahara wangu wa zamani ningenunua baiskeli. Iweje kipande cha chuma kigharimu hivyo?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Fundi wa kwanza hakukosea kuchonga. Chuma alichochonga ni sahihi, na ndiyo maana mlango unafunguka. Kinachokosekana ni chipu iliyomo ndani ya kichwa cha ufunguo wako wa asili, chini ya plastiki, kitu kidogo ambacho hakina hata betri. Ukiuingiza ufunguo kwenye swichi, koili iliyozunguka tundu la ufunguo huiamsha chipu hiyo kwa mawimbi, nayo hutamka namba yake. Kompyuta ya gari huilinganisha namba hiyo na zile zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu yake, na isipoitambua huzuia mafuta au moto wa plagi, hata ufunguo uzunguke mara ngapi. Mfumo huu huitwa imobilaiza. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliulazimisha kwa magari mapya mwaka 1998, na watengenezaji wa Japani wakaueneza katika magari yao mengi. Hivyo hata gari dogo la miaka ya 2000 linaloonekana la kawaida huenda likawa nao. Dalili ya kuutambua ni taa ndogo, mara nyingi yenye alama ya ufunguo au gari, inayomweka kwenye dashibodi gari likiwa limezimwa.

Kwa hiyo bei uliyotajiwa inabeba vitu vitatu: ufunguo wenye nafasi ya chipu, chipu yenyewe ya aina inayokubaliana na gari lako, na kazi ya kuitambulisha kwa kompyuta ya gari kwa kutumia kifaa maalumu. Naelewa uchungu wa fedha ya kiinua mgongo, Mwalimu, lakini naomba nikusihi usiahirishe. Leo unao ufunguo mmoja unaofanya kazi, na gari nyingi huhitaji ufunguo uliokwisha kutambuliwa ndipo zikubali kupokea mpya. Siku huo mmoja utakapopotea, kazi itabadilika kabisa. Gari haliwezi kuendeshwa mpaka gereji, litahitaji kubururwa au fundi kuletwa, na fundi huenda akalazimika kuifungua kompyuta yenyewe ili aandike upya kumbukumbu yake, au aibadilishe. Gharama hiyo huzidi ile ya sasa mara kadhaa, na kwa mtu aliyeko nje ya miji mikubwa huongezeka kusubiri mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Ni kweli kwamba gari hilo lilipokuwa jipya lilikuwa na zaidi ya ufunguo mmoja. Baadhi ya Toyota, kwa mfano, zilitolewa na funguo mbili kuu zenye kichwa cheusi na mmoja wa kijivu. Ule wa kijivu unawasha gari na kufungua mlango lakini haufungui buti wala kisanduku cha dashibodi vinapokuwa vimefungwa, na ulikusudiwa kukabidhiwa mtu wa kuegesha gari au fundi. Pamoja nazo kulikuwa na kibati cha namba. Katika safari ya mnada, bandari na wakala, vitu hivi hupotea kwa urahisi. Wanaoagiza sasa wamwombe muuzaji aeleze kwa maandishi, kabla ya malipo, gari linakuja na funguo ngapi, na wapekue kisanduku cha dashibodi, chini ya mazulia na mfuko wa nyaraka gari likishafika.

Kabla ya kumlipa fundi wa pili, mwombe mambo mawili. Kwanza, akuthibitishie kwamba utalipa injini ikishawaka kwa ufunguo mpya. Pili, mwombe afute kwenye kumbukumbu ya kompyuta funguo zote ambazo hazipo mbele yake. Mtu wa Japani hatakuja Kihesa kuiba gari lako, lakini hatujui ufunguo ule wa pili ulidondokea wapi njiani.

Swali kutoka Tukuyu: Ndugu mwandishi, ufunguo wangu wa pikipiki umekuwa mgumu kuzunguka, hasa msimu wa mvua na matope ya huku Rungwe. Nimeweka mafuta ya kupikia, ukalainika kwa wiki moja kisha ukawa mgumu zaidi. Nianze kutumia ule wa akiba?

Jibu: Utumie kwa kupima tu. Ukizunguka vizuri, kosa ni la ufunguo wa zamani uliolika. Chongesha mpya kwa kuuiga ule wa akiba, kisha urudishe wa akiba kabatini. Usichongeshe kwa kuuiga uliolika, kwani mashine hunakili na ulemavu wake, na nakala ya nakala huwa mbaya zaidi kuliko zote mbili. Funguo zote mbili zikiwa ngumu, basi ni kufuli iliyojaa uchafu na mafuta yaliyoganda. Mafuta ya kupikia na grisi hushika vumbi na kuzuia vijibati vya ndani visipande na kushuka. Safisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, iache ikauke, halafu sugua risasi ya penseli juu ya meno ya ufunguo na uingize mara kadhaa. Unga huo ni grafiti, unalainisha bila kunata.

Swali kutoka Makambako: Mwandishi, nafanya biashara ya viazi kati ya Njombe na Makambako kwa gari dogo la mizigo. Mume wangu anasisitiza ufunguo wa akiba ukae ndani ya gari ili usisahaulike. Mimi nauweka kwenye mkufu mmoja na ule wa kila siku. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Dada yangu, nawaheshimu nyote wawili, lakini hakuna kati yenu aliye sahihi. Funguo mbili kwenye mkufu mmoja hupotea kwa pamoja, na uliofungiwa ndani ya gari haukufikii siku mlango umejifunga, huku ukimfaa sana mwizi aliyevunja kioo. Vijana wa bodaboda hufanya hivyo hivyo wanapouficha chini ya kiti, na kiti chenyewe hufunguliwa kwa ufunguo ule ule uliopotea.

Mahali pafaapo ni nyumbani au kwa mtu anayeaminika ambaye anaweza kuufikisha kwako siku hiyo hiyo. Kwa kuwa njia yako ni moja, kaka au shemeji anayekaa Njombe anaweza kuutunza, naye akampa konda wa basi unayemfahamu ukiwa umekwama Makambako. Usiandike namba ya gari kwenye kibandiko cha ufunguo. Kama ni ufunguo wa kielektroniki, usiuache miaka mingi bila kuangaliwa, kwa sababu betri yake huisha hata usipotumika, na baridi ya Juni na Julai huku kwetu huipunguza nguvu iliyokwisha kuchoka. Ndani ya funguo za namna hiyo huwa kumefichwa kijiufunguo cha chuma cha kufungulia mlango, na Toyota nyingi zenye kitufe cha kuwashia huwaka ukikanyaga breki, ukakigusisha kitufe hicho upande wa ufunguo wenye nembo, kisha ukakibonyeza.

Kuna sababu nyingine ya kuutunza, nayo inamhusu kila mwenye bima kubwa. Gari likiibwa, kampuni za bima kwa kawaida huomba funguo zote pamoja na kadi na taarifa ya polisi, na mwenye gari aliyebaki na ufunguo mmoja hutakiwa aeleze mwingine uko wapi. Ukiupoteza leo, nenda kituo cha polisi upate ripoti ya upotevu, iwe na tarehe, na nakala yake uipeleke kwa wakala wa bima kabla jambo lolote halijatokea. Bima ndogo ya mtu wa tatu hailipi wizi wa gari lenyewe, kwa hiyo mwenye bima hiyo anategemea funguo zake na loki ya usukani peke yake. Siku mtakapouza gari hilo, mkabidhini mnunuzi funguo zote na ripoti hiyo ya upotevu kama mmoja haupo, naye asaini kwamba amezipokea.